Hatamu Haivikwi Nguo

Ludhiana, 8 Falgun

Chhime mdogo wangu,

Nakusalimu wewe, namsalimu Baba pamoja na kiuno chake, nawasalimu majirani wote, hata wale wasioniulizia. Mimi ni mzima. Nimechoka, lakini kuchoka huku si habari ya kuandika. Losar ilinikuta kiwandani. Nilimwambia Ramashish, mwenzangu wa meza, yule wa Bihar, "Leo kwetu ni mwaka mpya." Akasema, "Bahadur, kwenu kuna miaka mipya mingapi? Kila ukitaka kupumzika mwaka unaisha!" Hapa kila mtu wa Nepal anaitwa Bahadur. Nimeacha kubisha.

Barua yako imefika ikiwa imelowa, lakini nimesoma yote. Kwa hiyo farasi wetu ameteleza kwenye barafu ya kijito na hakuinuka tena. Sikufichi, nililia. Nilienda kulia nyuma ya pipa la maji ili wasinicheke.

Sasa jambo lenyewe. Mwaka juzi hatukupeleka mpandaji kwenye Yartung, sikukuu ya farasi, kwa sababu ya msiba wa Mama. Mwaka jana ni kiuno cha Baba. Farasi wa kijiji wakishuka tena kwenda Kagbeni mwaka huu na nyumba yetu ya Khangsar isiwe na mtu, tutashushwa mwisho wa zamu ya maji. Wewe unajua mwisho wa zamu ni nini. Ni kusimama na jembe mbele ya shayiri iliyokauka, ukisikia maji yakipita kwenye shamba la mwenzako. Muombe Mjomba Pasang akuazime farasi. Mwambie ni mimi nimeomba.

Kazini nimehamishiwa meza nyingine. Fremu za baiskeli za mlimani zinapita mbele yangu, nami nachomelea vijichuma vidogo vyenye tundu, ambavyo sisi tunaviita masikio. Nilimuuliza Ramashish ni vya kazi gani. Akasema, "Vya kusikilizia. Wewe bandika."

Ni mimi, Nyima.

*

Kyimlung, 27 Chaitra

Dai Nyima, kaka yangu,

Sisi hatujambo. Baba anatembea hadi ukutani na kurudi, akifika ukutani anatukana mlima, akirudi anaomba chai. Mbuzi wawili wamezaa. Upepo umeanza ukali wake mapema mwaka huu, na mchana hakuna anayevuka bonde.

Mjomba Pasang amekataa. Hakukataa kwa ubaya. Alisema, "Mwanangu, na mimi nitashuka na nini, na mbuzi?" Kila nyumba ina farasi mmoja na kila nyumba inamhitaji siku hiyo hiyo.

Lakini sikiliza. Unaikumbuka ile nyumba ya wageni ya Kagbeni ninayopikia? Mwaka jana mama mmoja wa Kizungu alivuka mlima na baiskeli, akafika amechoka, akapanda ndege akaiacha. Mwenye nyumba amenipa. Nimeifundisha njia na yenyewe imenifundisha kuanguka. Nikaenda kwa Mukhiya Wangyal, mkuu wetu, nikamwambia, "Mukhiya, sheria ya Yartung inasemaje, neno kwa neno?"

Akasema, "Kila nyumba ilete mtu mmoja na hatamu moja."

"Imetaja farasi?"

Akacheka. "Binti Khangsar, mnyama wako hana kichwa. Hatamu utamfunga wapi?"

Nikamshikisha usukani. Dai, kwenye bomba la juu la fremu waya wa breki ya nyuma unapita wazi, hauna nguo, umenyooka kama uzi wa kufumia. Nikamwambia auguse, nikavuta breki. Waya ukakaza chini ya vidole vyake na gurudumu likasimama. Akavuta mwenyewe, mara nyingi, kama mtoto. Kisha akasema taratibu, "Hii ni hatamu." Basi amekubali!

Taabu ni moja. Upepo ukivuma, mchanga unaingia pale waya unapotoka kwenye ganda lake, ule mrija unaoufunika, na breki inakuwa nzito kama mlango wa ghala. Wewe unatengeneza vitu hivi. Nifanyeje?

Na unakuja lini? Hukusema.

Chhime.

*

Ludhiana, 2 Jestha

Chhime,

Salamu zangu kwenu wote na kwa hao wanambuzi. Hapa joto limefika mahali ambapo huwezi kushika chuma kilicholala juani. Tunafunga vitambaa vilivyolowa kichwani na bado ubongo unachemka.

Nilisoma barua yako wakati wa chai na nikapiga kelele hadi Ustad Jarnail, fundi mkuu wetu, akaja kuona nani ameungua. Masikio! Kwenye kila sikio ganda linakoma, waya unatoka uchi, unapita hewani hadi sikio la pili, unaingia tena kwenye ganda. Nimechomelea masikio miezi yote hii sikujua kama ninatengeneza mahali pa hatamu. Jioni nilisimama mbele ya fremu zilizotundikwa zikisubiri rangi, nyingi mpaka mwisho wa jengo, nikawa naziangalia tu. Nilifikiri, hizi zote zitakwenda mahali nisipopajua na mtu atauweka uhai wake juu ya kijichuma changu.

Nikamuuliza Ustad habari ya mchanga. Akasema, "Waya ulio wazi ni mwepesi, mkono unausikia. Lakini pale ganda linapokoma pana mdomo, na mdomo unakula kila kitu. Kwenye upepo na tope, funika waya wote, kuanzia mkononi hadi kwenye breki. Usiache mdomo." Ramashish akadakia, "Mfunike kama bibi harusi!"

Kwa hiyo nakutumia ganda refu la breki na waya mpya ndani yake. Ni lile ganda lililosukwa kwa chuma cha kuzunguka. Usikubali mtu akupe lile la gia kwa kazi ya breki, litapasuka ukivuta kwa nguvu. Usitoboe masikio, lifunge ganda kando yake kwa kamba. Kata urefu unaokufaa.

Hukuniambia nani atapanda. Baba asipande. Nasema tena, Baba asipande.

Nyima.

*

Kyimlung, 15 Asar

Dai,

Mzigo umefika mgongoni mwa nyumbu wa Mjomba Pasang, hauna hata mkwaruzo. Baba ameunusa akasema una harufu ya mji. Yeye ni mzima na hatapanda, usihofu. Mtu wa nyumba atapanda.

Nimelifunga ganda lote kama ulivyosema. Ni ajabu, Dai. Nilishuka hadi mtoni upepo ukiwa umeshaanza, mchanga unanipiga meno, na breki ikavutika kimya, laini, kama kuvuta siagi. Nikasimama pale chini nikacheka peke yangu. Mlima wa Nilgiri ulikuwa juu yangu wote mweupe, na mimi nimesimamisha baiskeli kwa kidole.

Halafu Mukhiya akaja kuiona. Akapitisha mkono kwenye bomba, uso ukabadilika.

"Hatamu iko wapi?"

"Imo humo ndani, Mukhiya. Kaka ameifunika isile mchanga."

"Vua."

"Lakini inafanya kazi vizuri zaidi!"

"Siku ya Yartung nitashika hatamu ya kila nyumba kwa mkono huu. Hatamu haivikwi nguo. Umesahau?"

Sikusahau. Wewe pia unajua kisa cha mjomba wake, yule aliyezungushia hatamu hariri nyekundu ili apendeze, na hariri ikawa nzuri siku zote wakati ngozi ndani inaoza, hadi korongo likamchukua yeye na farasi. Nikamwambia, "Hii si ngozi, ni chuma." Akanijibu, "Chuma chenu hakiozi?" Nilikuwa na hasira. Bado sijalivua ganda. Wewe unasemaje? Andika upesi.

Na unakuja lini?

Chhime.

*

Ludhiana, 20 Shrawan

Chhime,

Salamu. Mvua inanyesha, kiwanda kina maji hadi kwenye kifundo cha mguu. Mimi ni mzima.

Sitazunguka. Mwambie Mukhiya kwamba namheshimu, lakini mjomba wake alikufa kwa ujinga wake, na dada yangu hatakufa kwa ujinga wa mjomba wa mtu. Ndiyo, najua ni wewe utakayepanda. Ulidhani sitajua? "Mtu wa nyumba"! Nyumba ina watu wawili na mmoja hawezi kufika ukutani bila kutukana.

Usivue ganda. Upepo wa Kagbeni mimi nimeula utoto wangu wote. Ukiwa pale kwenye ukingo mwembamba juu ya mto na mchanga ukabana waya, huna pa kwenda ila chini. Kama Mukhiya amekataa, basi acha. Acha tushushwe zamu. Tutakula mchele wa kununua, nitaongeza saa za kazi. Maji yatarudi mwaka mwingine, wewe hutarudi.

Ramashish anasema nina kelele kama mama mkwe. Sawa. Usipande.

Nyima.

*

Kyimlung, 29 Bhadra

Dai wangu,

Sisi sote tumeamka salama na tumekula. Nakuambia hilo kwanza kwa sababu barua yako imefika jana, na Yartung imeshapita. Sikukuvunjia heshima, sikujua kama umenikataza. Nikae chini nikueleze, na wewe kaa chini kabla hujaendelea kusoma.

Uwanda wa juu ulikuwa umejaa. Farasi wamevaa mazulia mapya na kengele, wanaume wamekunywa tangu asubuhi. Nilipofika na baiskeli wakaanza.

"Binti Khangsar, umempa nyasi leo?"

"Amekula grisi."

"Na akichoka?"

"Nitambeba. Wewe wako utambeba?"

Bibi Lhamo, yule asiye na jino, akasema, "Mwacheni. Angalau huyo hatanyea njiani." Wakacheka wakaniacha.

Nilikuwa sijalivua ganda, sikufichi. Nilifikiri mbele ya watu wote Mukhiya ataona aibu kunizuia. Akapita kwa kila farasi, akichukua hatamu kati ya gumba na kidole na kuivuta polepole kutoka mwanzo hadi mwisho, macho amefumba. Hata hatamu ya mwanawe aliifanya hivyo. Akafika kwangu.

"Vua."

"Mukhiya, mchanga..."

"Binti, nikishika nguo nimeshika nguo. Vua."

Basi nikalegeza waya kule nyuma, nikalichomoa ganda lote, nikamkabidhi waya ukining'inia. Akafumba macho, akaanza kule kwenye breki, vidole vikija taratibu kuelekea kwenye usukani. Vikasimama. Akafumbua macho akainua gumba. Lilikuwa na damu.

Dai, nyuzi zilikuwa zimekatika. Zilisimama kwenye ule waya kama ndevu za suke la shayiri, mahali pamoja, karibu na mkono wa breki. Zilizobaki nzima zilikuwa chache mno. Nilichukua ganda nikachungulia ndani ya ncha yake. Nilikuwa nimelikata kwa mkasi wa kukatia manyoya ya kondoo, na ule ukingo wa chuma ulikuwa umejikunja kwa ndani kama jino la nyoka. Kila nilipovuta breki, ulikuwa unauma waya. Kwa nje kimya, laini, kama siagi. Kumbe nilikuwa ninashuka mlima juu ya nyuzi zile.

Hakuna aliyecheka. Nilidhani Mukhiya atasema, "Nilikuambia." Hakusema. Alifuta damu kwenye vazi lake akasema, "Hatamu ya Mjomba pia ilikuwa nzuri kwa nje," na macho yake yalikuwa na maji. Mimi nilimwona mzee mkaidi miezi yote hiyo. Nilitamani kuinamisha kichwa changu kwenye miguu yake.

Akauliza, "Khangsar ina hatamu nyingine?"

Baba, aliyekuwa amekalishwa juu ya ukuta, akapiga kelele, "Ule wa zamani! Umo nyumbani, kwenye msumari, na vipande vya ganda lake!" Kabla sijageuka Mjomba Pasang alikuwa ameshaondoka mbio juu ya farasi wake. Alirudi na ule waya wa yule mama wa Kizungu akanirushia. "Shika. Na usiniombe farasi tena." Mukhiya akaupitia wote kwa vidole. Ulikuwa mzima. Akaruhusu wengine waondoke, na mimi nikafunga waya wangu huku vumbi lao likishuka bondeni. Hatamu ikawa uchi kutoka sikio hadi sikio, kama ilivyozaliwa.

Niliondoka wa mwisho. Mukhiya alikuwa amesema mtu akifika Kagbeni hata kwa kuchelewa, nyumba yake itahesabiwa, mradi afike amepanda na si kwa miguu. Mwanzoni njia ilikuwa yangu peke yangu. Sijui niseme nini ili unielewe. Waya uliimba. Hewa ilipita juu yake ukatoa sauti nyembamba kama mtu anayeimba mdomo umefungwa, na nikivuta breki sauti ilipanda, nikiachia inashuka. Kwa vidole nilisikia kila jiwe. Kulia kwangu bonde lote lilikuwa wazi hadi chini, jekundu na la kijivu, na tai mkubwa, yule mla mifupa, alikuwa anaruka chini yangu. Chini yangu, Dai! Nilikuwa naona mgongo wake.

Upepo ulinikuta kwenye ule ukingo unaousema. Mchanga ukaja. Breki ikaanza kuwa nzito, kama ulivyosema, na nikaogopa kama ulivyoogopa. Lakini nilisikia punje zikiingia, nilizisikia kwenye kidole, kabla hazijabana. Nikasimamisha baiskeli wakati bado inasimama, mguu mmoja ardhini, sikushuka, nikafuta waya kwa ukosi wa vazi langu na kuupulizia kila mdomo. Nikaenda. Nikasikia tena, nikasimama tena, nikafuta. Hivyo hivyo hadi chini, kama mama anayemfuta mtoto makamasi.

Pale kwenye mnara wa sala wa Kagbeni wanaume walikuwa wameshashuka kwenye farasi, wanakunywa. Mukhiya aliyeshuka nyuma yangu kwa mwendo wa pole, sikujua kama alikuwa nyuma yangu njia nzima, akafika akasema kwa sauti ambayo hata walevi waliisikia: "Khangsar. Mtu mmoja, hatamu moja." Basi. Tumebaki kwenye nafasi yetu ya maji.

Naliweka lile ganda. Mukhiya mwenyewe amesema siku nyingine za mwaka nilitumie, ila nijifunze kulikata, na mwisho wa kila mwezi nilivue nishike.

Sasa wewe. Mwandiko wako wa barua ya mwisho umelala upande mmoja na herufi zimetetemeka. Uliandikia wapi? Na unakuja lini? Nimeuliza mara tatu.

Chhime.

*

Ludhiana, 3 Kartik

Chhime mdogo wangu,

Nawasalimu nyote, na Mukhiya msalimu kwa kuinama, kwa niaba yangu.

Barua yako niliisoma kwa sauti kwenye kibanda cha chai. Nilipofika kwenye damu Ramashish aliacha kutafuna. Nilipofika kwenye tai akasema, "Bahadur, huyu ni dada yako kweli? Wewe unaogopa hata ngazi." Ustad Jarnail alinishika mkono akanipeleka upande wa pili wa ukuta, kwenye meza wanakokata maganda. Kila ganda likikatwa, mtu analisugua ncha kwa jiwe linalozunguka, kisha anachokonoa tundu kwa msumari mwembamba hadi liwe duara. Sikujua. Nimefanya kazi nyuma ya ukuta ule na sikuwahi kuvuka kuona. Nilikuandikia "kata urefu unaokufaa" kama mtu anayejua. Siku hiyo nilirudi mezani kwangu, fremu zikapita, na kila sikio nililochomelea nilipitisha ncha ya kidole kwenye tundu lake kabla ya kuliachia. Nimekuwa nikifanya hivyo tangu siku ile. Wananicheka. Siwezi kuacha.

Umeuliza mara tatu. Mwezi wa Asar bomba lenye moto liliangukia mkono wangu wa kulia. Kidole cha mwisho na cha jirani yake vimepona lakini havikunji tena. Barua ya Shrawan niliiandika kwa mkono wa kushoto. Sikukuambia kwa sababu mimi ndiye mwanamume wa nyumba, na ulikuwa unasubiri nije nipande. Nilikuwa naogopa kabla ya moto kwamba nimesahau kupanda. Sasa siogopi, najua. Hatamu hushikwa kwa ngumi, na mimi ngumi sina. Nikija nitakuja kukaa ukutani karibu na Baba. Ndiyo maana sijibu.

Nyima.

*

Kyimlung, 6 Mangsir

Dai,

Hatujambo. Theluji imeshuka hadi kwenye zizi la juu, na maji ya zamu yetu tuliyapata yote kabla hayajaganda.

Nilimsomea Baba barua yako. Akasema, "Rudia pale pa vidole." Nikarudia. Kisha akauliza, "Ile baiskeli inasimamishwa kwa vidole vingapi?"

Nikaenda nikaishika ili nisimdanganye. Farasi anataka ngumi, Dai. Hii inataka viwili tu vya kuvuta, na gumba la kushikia usukani. Hivyo unavyo vyote.

Njoo.

Chhime.